Kabichi za Mbaraka Zina Njaa

Inspekta Athumani Hoza hakukalia kiti alichowekewa. Kilikuwa kiti cha plastiki, cheupe, kimefutwa vumbi kwa heshima zote, lakini yeye tangu aingie kwenye upelelezi hakuwahi kumhoji mtu akiwa amekaa. Kigoma walimwita Afande Miguu. Alipohamishiwa Nzega, watu wa huko nao, bila kuambiwa na mtu, wakamwita vilevile. Na sasa alikuwa ameletwa Lushoto.

"Twende uwanjani," alimwambia Kristian. "Mtu akitembea maneno yanatoka vizuri."

Kristian alikuwa mratibu wa mradi aliyeletwa na wizara, kijana wa miaka thelathini na kitu, suti ya michezo mwilini, kitambulisho shingoni, simu mbili mkononi. Alimfuata Inspekta huku akihema, maana kijiji cha Kwemvumo, njia ya kwenda Mlola, kimejengwa ubavuni mwa mlima na hakuna pa kwenda usipande au usishuke. Nyuma yao alikuja Konstebo Glory, mzaliwa wa Bumbuli, aliyepewa Inspekta kwa ajili ya Kishambaa.

"Afande, kesho asubuhi wakaguzi wanasimama hapa," Kristian alisema. "Wewe unajua nchi yetu na majirani tunapokea mashindano ya Afrika. Mkakati wa serikali unasema matukio makubwa ya namna hii yasiishie mijini. Timu zitafutiwe kambi mikoani, wageni waone ngoma zetu, mkulima auze mboga yake. Kwemvumo imepita kwenye mchujo kwa ajili ya baridi na mwinuko. Imebaki kukagua uwanja tu. Na uwanja ndio huo!"

Athumani aliutazama. Nusu ya chini, upande wa barabara, ilikuwa na nyasi za kijani kilichofifia, za kuonewa huruma lakini hai. Nusu ya juu ilikuwa imeungua.

"Nani aliziona kwanza?"

"Mimi mwenyewe, Jumapili. Ijumaa zilikuwa salama, nimezipiga hadi picha. Jumamosi nikaona kama zimenyauka, nikasema ni jua. Jumapili ndiyo hivyo. Ni dawa ya magugu, afande. Na aliyemwaga mnaye mahabusu."

"Mbaraka."

"Mbaraka Shemdoe, mwenyekiti wa kamati ya mfereji. Alhamisi kwenye mkutano wa hadhara alisimama mbele ya mkuu wa wilaya akasema mfereji wao hautatoa hata tone kwa nyasi za mpira, na nyasi hizo hazitafika siku ya wageni. Watu wakampigia makofi! Ijumaa alfajiri polisi wakamchukua kwa yale maneno. Kumbe alikuwa ameshamwaga sumu yake."

Simu ya Athumani iliita. Alikuwa Mkuu wake wa polisi.

"Umepata maelezo yake?"

"Bado, afande. Niko eneo la tukio."

"Eneo la tukio linakwambia nini ambacho mkutano mzima haukusikia? Saa kumi karandinga linafika hapo kumpeleka Tanga. Uhujumu uchumi, hakuna dhamana. Wakaguzi wakija kesho wakute nyasi zimekufa, angalau wakute na mtu yuko ndani. Tumeelewana?"

"Ndiyo, afande."

Alirudisha simu mfukoni, akavua kofia, akapiga magoti kwenye nyasi zilizoungua. Kristian akashangaa. Glory hakushangaa, alikwisha kumzoea tangu asubuhi.

"Konstebo, dawa ya magugu hupigwaje?"

"Kwa bomba la mgongoni, afande. Unatembea unapuliza."

"Ikishakauka inaacha alama gani?"

"Inapausha pote. Kama mkeka wa manjano."

"Basi njoo uone mkeka huu."

Kwa mbali nyasi zile zilionekana kuungua zote. Kwa karibu haikuwa hivyo. Yalikuwa madoa, kila moja kama sahani ya chai, doa na doa likiachana kwa kiasi cha mkono kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole. Na madoa yalikuwa yamepangwa. Yalikwenda mstari mnyoofu kutoka mstari wa goli hadi katikati ya uwanja, mstari mwingine pembeni yake, na mwingine. Joto la siku zile lilikuwa limekausha nafasi za kati pia, ila ukitazama vizuri, kila doa lilizungukwa na pete nyembamba ya nyasi za kijani kibichi mno, kijani ambacho hakikuwepo popote pengine uwanjani.

"Umewahi kuona sumu inayoua katikati na kunenepesha pembeni?" Athumani aliuliza.

"Hapana, afande."

"Na mhujumu anayepanga mistari kama anapanda kabichi?"

Kristian alikohoa. "Labda ni watu wa wilaya nyingine. Kuna wanaoitaka hii kambi, mimi nawajua. Walituma watu hata kwenye..."

"Watu wa wilaya nyingine walikuja usiku, kwenye ukungu, wakapiga magoti nusu uwanja?" Athumani alinyanyuka, akajikung'uta. "Anayemwaga maji kwenye uwanja huu ni nani?"

"Boza la maji linapanda kutoka Mombo kila wiki. Wiki hii gia imekufa kwenye kona, halijafika. Ndiyo maana tuliomba mfereji, wakatukatalia."

Athumani alikuwa ameshaondoka. Alizunguka uwanja kwa ukingo wa juu, akichungulia chini ya vichaka kama mtu aliyepoteza kuku. Hapo juu ulipita mfereji wa kijiji, maji yakikimbia kuelekea mashambani. Nyuma ya goli alisimama. Ubavuni mwa mfereji palikuwa na mtaro mdogo, mpya, udongo wake bado mwekundu, umechimbwa kwa mkono uliozoea: mteremko wa taratibu, kona zimepigwa vizuri. Ulishuka hadi nyuma ya goli, ukagawanyika vidole vitatu, vikaelekea kwenye nyasi. Mdomo wake, pale ulipokutana na mfereji, ulikuwa umezibwa kwa kipande cha mgomba na matope. Kipande chenyewe kilikuwa kimekauka kingo. Ndani ya mtaro hapakuwa na hata alama ya unyevu.

"Huu ni wenu?"

"Hapana," Kristian alisema. "Sisi tungeugusa mfereji tungepigwa mapanga."

Glory ndiye aliyelivuta kopo. Lilikuwa kopo la maziwa ya unga, limechomekwa chini ya mizizi ya mti wa mgrivea, mfuniko umebanwa. Ndani mlikuwa na chembe nyeupe za mviringo, kidogo tu, zimeanza kugandana, na juu yake kizibo cha soda.

"Sumu!" Kristian aliruka nyuma.

Athumani alimwaga chembe kwenye kiganja, akaomba chupa ya maji ya mratibu, akadondoshea matone. Akafumba mkono.

"Afande, usishike!"

"Shika wewe." Akamtilia kidogo kiganjani kabla hajakataa. "Unasikia nini?"

Kristian alikunja uso. "Baridi. Kama barafu."

"Urea. Nimekaa Urambo kwenye tumbaku, nimeiona sana. Ukiiyeyusha inapoa hivyo." Alikichukua kizibo, akakigeuza kwenye mwanga. "Konstebo, kwenu Bumbuli hiki ni cha nini?"

Glory alicheka kwa aibu. "Ndiyo kipimo, afande. Kila mche wa kabichi, kizibo kimoja. Unaweka, unafukia, halafu unafungulia maji."

"Usipofungulia?"

"Unaunguza. Umande unaiyeyusha pale pale juu, haiendi chini."

Athumani aliutazama uwanja, mistari yake, madoa yake.

"Mtu huyu hakuua nyasi," alisema. "Alizilisha. Alitaka azilishe jioni, azinyweshe kesho yake asubuhi. Hiyo asubuhi ndiyo siipati. Twende."

"Wapi?"

"Kwa Mbaraka. Nyumbani kwake, si mahabusu."

Walishuka kwa njia ya miguu, kati ya matuta ya mboga. Bonde lote lilikuwa kijani hadi linaumiza macho: karoti, hoho, na kabichi zilizovimba majani mazito ya rangi ya samawati. Glory alimuuliza mama mmoja njia kwa Kishambaa, akajibiwa kwa kidole. Hawakuhitaji kidole. Shamba la Mbaraka lilijionyesha lenyewe. Katikati ya kabichi zote zile, lake ndilo lililopauka. Miche ilikuwa mikubwa kiasi, haina mdudu wala ugonjwa, ila majani ya chini yamekuwa ya njano kama macho ya mtu mwenye homa ya manjano.

Mkewe, Hawa, alikuwa mlangoni akichambua maharage. Alipoona sare ya Glory mikono yake ilisimama.

"Onga mshi, mama. Shikamoo," Glory alisalimu kwa Kishambaa na Kiswahili.

"Marahaba, mwanangu." Kwa Athumani akasema, "Shikamoo."

"Marahaba. Pole na matatizo. Mimi nina swali moja, kisha nakuacha. Kabichi zenu zina njaa. Mbolea ya kukuzia iko wapi?"

"Tumeshaweka."

"Mmeweka wapi?"

"Kwenye kabichi."

Athumani alitembea hadi mwisho wa tuta, akarudi. Akatembea tena. Hawa alimfuata kwa macho, kushoto, kulia, mpaka uvumilivu ukamwishia.

"Wewe baba, si usimame!"

"Nitasimama ukiniambia. Mfuko uliletwa, nimeuona mtupu juu ya banda la mbuzi. Kabichi hazijaonja. Uwanja umeshiba. Mume wako anakwenda Tanga saa kumi, mama, na huko kurudi si leo wala mwaka huu."

Hawa aliinama kwenye maharage yake. Aliposema, hakuinua uso.

"Mimi nilimwambia ni mwehu. Alikuwa akipita pale kila siku, anarudi halali. 'Hawa, zile nyasi zina njano kama mtoto wa kwashakoo.' Nikamwambia, zinakuhusu nini? Ananiambia wageni watakuja na kamera zao, nchi zote za Afrika zitaona Lushoto imeshindwa kuotesha nyasi! Lushoto inayolisha Dar es Salaam!" Alipangusa pua kwa kanga. "Nikamwambia, si wewe umesimama leo hii mkutanoni umekataa maji? Akasema, nimekataa maji ya watu, sijakataa yangu."

"Zamu yake ya maji ni lini?"

"Ijumaa asubuhi. Na Jumanne alasiri."

Athumani alisimama. Ilikuwa mara ya kwanza tangu asubuhi Glory kumwona ametulia kabisa.

"Ijumaa asubuhi," alisema.

"Alikuwa ameshashika jembe," Hawa alisema. "Wakamkuta hapo mlangoni, gumboti miguuni."

Mbaraka Shemdoe alitolewa mahabusu akatembezwa uwanja wa nyuma wa kituo, pingu mikononi, gumboti bado miguuni. Alikuwa mtu mfupi, mpana, wa miaka hamsini na kitu. Athumani alimzungusha ukuta mara tatu, kisha akamwekea kile kizibo cha soda kiganjani.

Mbaraka alikitazama. "Cha soda."

"Mgosi, bwana mkubwa, usinichoshe. Nimeona mtaro, nimeona kopo, nimeona kabichi zako. Mkeo ameniambia."

"Hawa ana mdomo."

"Mdomo wake umekuokoa. Sasa toa wako. Andika maelezo kwamba uliweka mbolea, si sumu, na kwamba ulikuwa unakwenda kufungulia maji ya zamu yako. Unalala kwako leo."

Mbaraka alirudisha kizibo. "Siandiki."

"Kwa nini?"

"Mimi ndiye niliyewaapisha, afande. Alhamisi, baada ya mkutano, tulishika jembe wote, mkono juu ya mkono, hakuna maji ya mfereji kwenda kwenye ule uwanja. Si ya zamu, si ya kuiba, si ya kuomba. Anayevunja anakaa nje ya zamu hadi masika, na cheo anarudisha. Sheria hiyo nimeitunga mimi. Nikiandika karatasi yako, nimejitoa kwenye maji. Masika ni mbali. Kabichi zile haziwezi kungoja."

"Kwa hiyo unakwenda Tanga kama mhujumu?"

"Mhujumu watu husema ameonewa. Watu watanitunzia shamba, wataninyweshea. Msaliti nani atamnyweshea?"

"Na kwa nini uliapa kitu ambacho ungekivunja kesho yake asubuhi?"

"Maji ya watu nilikuwa nayalinda kweli! Ungewaruhusu wale siku moja, kesho wangejenga na tangi." Alifikiri kidogo. "Ila zile nyasi, afande. Mtu akiona kitu kimepandwa kinakufa mbele yake, atafanyaje?"

Athumani alitazama saa, akatazama jua, akamwita Glory.

"Kanuni zinaturuhusu kumpeleka mtuhumiwa akaonyeshe eneo la tukio. Andika: tumempeleka. Na leo ni siku gani?"

"Jumanne, afande."

"Alasiri."

Walipofika juu ya goli, kamati ya mfereji ilikuwa tayari pale, maana habari za Kwemvumo hazihitaji gari. Walikaa kwenye nyasi za ukingo, majembe magotini. Mbele yao alikaa Mzee Fanueli, makamu mwenyekiti, mzee wa kanisa, kofia ya sufu kichwani. Kristian naye alikuwepo, akizungukazunguka na simu zake. Hawa alisimama mbali, kwenye kona ya shamba, ndoo miguuni.

"Shikamoo, mzee," Athumani alisema.

"Marahaba. Mmemleta kumwaga sumu nyingine?" Fanueli aliuliza, na wenzake wakacheka. "Mwenyekiti, pole. Tumekunyweshea kabichi zako Ijumaa, usiwe na wasiwasi. Na leo tungefungulia."

Mbaraka hakucheka. Aliutazama mtaro wake mwekundu, na wenzake wakafuata macho yake. Kicheko kilikatika taratibu, mmoja baada ya mwingine.

Athumani alimfungua pingu zote mbili. Kwa kanuni alipaswa kufungua moja.

"Mtuhumiwa, onyesha."

Simu iliita. Athumani aliipokea bila kuondoa macho kwa Mbaraka.

"Karandinga liko kona ya mwisho," Mkuu alisema. "Maelezo yako wapi?"

"Yanakuja, afande."

"Nani ameua hizo nyasi? Nataka jina."

"Sisi, afande."

"Nini?"

"Ziliwekewa mbolea Alhamisi jioni, zilitakiwa maji Ijumaa asubuhi. Aliyekuwa akienda kuyafungulia tulimkamata mlangoni kwake, jembe mkononi. Tukamfungia na jua likawaka. Ukitaka jina, andika la aliyesaini amri ya kumkamata."

Aliyesaini alikuwa Mkuu mwenyewe, na wote wawili walijua.

"Una shahidi wa hayo?"

"Nakaribia kumpata," Athumani alisema.

Mbaraka alikuwa amepiga magoti kando ya mfereji. Angeweza kuondoka na kufungulia mlango wa maji wa shamba lake, hatua chache chini. Maji yalikuwa yake, na hakuna ambaye angeuliza kitu. Karandinga lilisikika likikoroma kwenye kona. Hawa alipiga hatua moja mbele, akasimama.

"Niliwaapisha mimi," Mbaraka alisema kwa sauti ya mkutanoni. "Na mtaro huu nimechimba mimi. Mbolea nimeweka mimi."

Akang'oa mgomba.

Maji yaliingia yakisukuma majani makavu mbele yake, yakafika nyuma ya goli, yakagawanyika vidole vitatu, yakaanza kunywewa na nyasi zilizoungua kwa sauti ya kuchemka. Kristian alipiga kelele za furaha, akainua simu apige picha. Glory akaishusha simu ile kwa mkono wake.

Fanueli alinyanyuka. Alikwenda akasimama juu ya Mbaraka.

"Maji ni yako mpaka jua liguse ule mkaratusi," alisema. "Ndiyo haki ya zamu, hata ya mwizi. Baada ya hapo huna maji hadi masika. Jembe la uenyekiti unanipa mimi. Umesikia, mgosi?"

"Nimesikia, mzee."

Fanueli aliyatazama maji yanavyokwenda. Kisha akavua viatu, akakunja suruali.

"Na unavyoyapeleka yatajaa upande mmoja, upande wa pili ubaki mkavu. Mwenyekiti gani wewe! Pisha hapo." Akaingia uwanjani na jembe lake, akaanza kukata njia ya kidole cha nne. Mwingine akamfuata akinung'unika, na mwingine, mpaka uwanja ukawa na majembe yanayogombana juu ya mteremko.

Jua lilipogusa mkaratusi, Fanueli alirudi akauchomoa mgomba kwenye tope, akaupachika mahali pake, akaukanyaga kwa kisigino. Hakuongeza muda hata wa pumzi moja. Robo tu ya madoa ilikuwa haijafikiwa. Kesho wakaguzi wangekuta karibu nusu ya uwanja imelowa, nyasi zake bado za kahawia. Wao ndio wangeamua.

Karandinga, lililocheleweshwa konani na lile boza bovu, lilisimama barabarani, ubavuni mwa goli la chini. Dereva alitoa kichwa.

"Afande, nimekuja kuchukua mhujumu. Yuko wapi?"

Athumani hakuwepo kumjibu. Alikuwa ameshapanda njia ya kuelekea Lushoto, mkoba begani, kwa miguu. Glory ndiye aliyeonyesha kwa kidole, bondeni, kwenye lile shamba lililopauka. Mbaraka alikuwa akipanda kutoka chemchemi ya chini, ndoo kichwani, maji yakimchirizikia shingoni. Hawa alikuwa nyuma yake na ya kwake.

"Ndiye yule?" dereva aliuliza. "Anafanya nini?"

"Ananywesha kabichi," Glory alisema. "Maelezo ameshayatoa mbele ya wote, si mhujumu. Geuza gari. Ana kazi hadi masika."